Machibya Alipoiacha Njia ya Anna

Kila mwaka, pamba ikishauzwa, Machibya wa Kasoli alimpakia mkewe Anna kwenye keria ya baiskeli, wakaenda Kalemela kumsalimia Milembe, dada mkubwa wa Anna. Walifanya hivyo miaka ishirini na sita, na hawakupita barabarani hata mara moja. Walikata mbugani kwa njia ya ng'ombe, wakavuka mito ya mchanga huku Anna akishuka na kusukuma, wakapita katikati ya miji ya watu, kaya kwa kaya, maana Anna hakuweza kuuona mlango wa mtu asiubishie hodi. Safari ya kufika saa nane mchana, wao walifika jua likizama, matumbo yamejaa uji wa watu. "Tungepita lami tungekuwa tumeshafika," Machibya alilalamika miaka yote ishirini na sita. Mbishi yule, na mlalamishi wa kuzaliwa. Lakini hakuna mwaka aliokataa kuifuata njia ya mkewe.

Mwaka huu keria ilibeba kiroba cha matobolwa tu, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika, ambavyo Milembe anavipenda kuliko samaki wa kwao. Anna alifariki mwezi wa tatu, kwa homa ya siku nne.

Milembe hakuambiwa. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali kwa presha, ndugu wakakaa, wakakubaliana kwamba habari ile itamuua, tena msiba wa mdogo wako si kitu cha kuambiwa kwenye simu. Basi kila alipopiga aliambiwa Anna anaumwa, anaendelea na dawa, leo amelala. Aprili ikapita, Mei ikapita, Juni nayo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawa walificha kilio chenyewe, na sijui walitegemea nini. Mwezi wa saba Milembe akasema sasa imetosha, anapanda basi aje kumwona mgonjwa wake. Machibya akamjibu hapana, asubiri, atakuja yeye; alitaka amwambie uso kwa uso.

"Baba, panda basi wewe," mwanawe Dastan alimsihi. "Miaka sitini na miwili hii, na magoti yenyewe hayo." Machibya akaendelea kujaza upepo.

Aliondoka alfajiri. Njia ilikuwa kavu, miti ya pamba imeshang'olewa na kuchomwa, na baiskeli isiyo na mtu nyuma ilirukaruka kwenye mashimo mpaka ikamkera. Mji wa kwanza ulikuwa wa Specioza, mwanamke wa kucheka, rafiki wa Anna wa kubadilishana mbegu za maboga. Aliiona baiskeli tangu mbali, akatoka na jagi la maji na vikombe viwili.

"Mwangaluka, baba," akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mhola?"

"Mhola duhu," Machibya akajibu, kwamba ni salama tu. Ndivyo inavyojibiwa kwao. Hata kama nyumba inaungua, kwanza ni salama, halafu ndiyo unaeleza moto.

Specioza akachungulia nyuma yake. "Mwenzangu umemshusha wapi? Au bado anasukumana na mchanga huko?"

Machibya akamwambia. Specioza akakaa chini palepale, kikombe cha pili mkononi, akalia kwa sauti. Majirani wakaja, na kila aliyekuja alitaka kusikia tangu mwanzo: homa ilianza lini, alisema nini, nani alikuwepo. Ilikula saa nzima.

Mji wa pili ulikuwa kwa Nyanda, mfugaji aliyekuwa akimtunzia Anna maziwa mgando. Mhola? Mhola duhu. Halafu Machibya akaeleza tena. Safari hii aliona maneno yanatoka yenyewe, yaleyale, kwa mpangilio uleule, na pale pa siku ya nne alijua atue kidogo kabla ya kuendelea. Alikuwa anaisimulia vizuri. Hilo lilimchukiza kuliko kulia kwa Specioza.

Mbele kulikuwa na miji tisa kabla ya Kalemela. Alifika kwenye mto wa mchanga, pale kinjia kinapochepuka kwenda barabara kuu, akasimama. Njia yenyewe haikumshinda. Kilichomshinda ni vile vikombe viwili. Aliona kwamba akiendelea, atafika kwa Milembe hana mdomo, na mdomo ule ndio aliofungia safari. Akageuza baiskeli kufuata ngurumo za malori.

Lami ilikuwa laini. Malori ya pamba yalimpita, mabasi yakampigia honi na kumsukumia kwenye changarawe, na hakuna aliyemuuliza kitu. Alijisikia nafuu, tena nafuu kubwa, akaona aibu. Kwa saa zote zile za barabarani Anna hakufa kwa mtu yeyote. Saa nane kamili aliingia Kalemela, saa ileile aliyoibishania miaka yote. Ameshinda ubishi, na wa kumwambia hayupo.

Milembe alikuwa nyuma ya nyumba, uso ameuelekeza kwenye kinjia cha mashambani walichozoea kutokea Anna na Machibya, anapepeta mchele. Aliposikia baiskeli upande wa barabara aligeuka. Akamtazama Machibya, akatazama keria, akatazama jua.

"Mwadila, shemeji," Milembe akatoa salamu ya mchana.

"Mwadila."

"Mhola?"

Machibya alifungua mdomo aseme mhola duhu, neno likakataa kutoka.

"Umetokea barabarani," Milembe akasema taratibu. "Tena mapema." Akaweka ungo chini. "Lini?"

"Mwezi wa tatu."

Hakuanguka. Moyo ule walioulinda kwa uongo wa miezi minne ulistahimili; kilichovunjika ni sauti. "Mimi kila siku nimemwombea apone," akasema. "Miezi minne namwombea marehemu apone."

Alilia mpaka jioni, kiroba cha matobolwa mapajani. Asubuhi alimfungia Machibya samaki wakavu, akamuuliza nani ameambiwa kule njiani. Specioza na Nyanda, Machibya akajibu.

"Basi wengine wako kama nilivyokuwa mimi," Milembe akasema. "Rudi kwa njia yake."

Akarudi kwa njia yake. Mji wa kwanza kutoka upande ule ulikuwa wa Gloria, mke wa mkulima wa mpunga. Alitoka na maji, vikombe viwili mkononi.

"Mwangaluka, baba. Mwaka huu mlipita wapi? Nilisikia mnakuja, jana nimewangoja mpaka giza."

Machibya akashuka kwenye baiskeli.