Kidude cha Shangazi

Majirani walimwita Fundi Kengele, na walimwita kwa mbali, maana mlangoni kwake hakuna aliyefika. Chumbani mlikuwa na kitanda, meza, kompyuta, kiti cha pili kilichorundikwa nyaya, na kiti chake mwenyewe, kilichoshika umbo la mgongo wake hata ungedhani amekizaa. Aliyekuwa akimsikiliza kutwa ni mjusi wa ukutani. Mjusi yule alikuwa amesikia mambo ya kompyuta mpaka yamemwingia. Angeomba kazi ofisini angepewa, na gari juu.

Fundi alitengeneza kidude cha kuning'inia shingoni: aliyekivaa akianguka, simu ya ndugu yake inalia. Cha kwanza alimvisha shangazi yake aliyemlea, ambaye sasa alikaa peke yake upande wa pili wa mji. Shida ni kwamba kidude kilikuwa na woga kushinda kuku. Shangazi akiinama kuokota kijiko, simu inalia. Akivaa viatu, inalia. Fundi anatoka mbio, kandambili mguu mmoja, anamkuta bibi mkubwa ametulia na kikombe chake.

"Karibu, baba. Umekuja kuniona?"

"Shangazi, nilidhani umeanguka!"

"Nianguke, nina wazimu? Kaa, chai ipo."

Hakai. Kazi inamngoja.

Siku moja simu ililia, naye akaitazama tu, akaendelea kuandika. Kisha akaacha kuandika. Je, kama safari hii ni kweli? Akapiga, shangazi akapokea akicheka. Lakini Fundi akaapa kwamba kidude lazima kijue kuinama ni nini na kuanguka ni nini, kabla yeye hajazoea kukipuuza.

Akakiazima kwa shangazi, akaandika maagizo mapya, akaiamuru kompyuta iyageuze kuwa lugha ya kidude. Kompyuta ikagoma. Makosa yakamwagika kwenye kioo, mekundu, mengi, hata mjusi akajificha nyuma ya kabati. Fundi hakubabaika, anayajua hayo: kosa la kwanza ndilo lenye msiba, mengine yamekuja kulia tu. Akapandisha juu, juu zaidi, akalikuta. Faili halionekani. Na pale lilipotafutwa ni kwenye folda yenye jina la mwenzake wa zamani wa kazi.

Mwenzake huyo ndiye aliyekuwa akikalia kile kiti cha nyaya. Alipopata kazi kwingine waliachana kwa maneno makali, na Fundi kwa hasira akafuta kila kilichokuwa na jina lake. Alisahau kwamba faili la kupima mtikisiko wa mwili aliliandika yule bwana. Kidude kilikuwa kimeshajazwa programu zamani, kwa hiyo hakuna kilicholalamika. Leo ndiyo kompyuta inakwenda kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Alijaribu kuliandika upya mwenyewe. Kidude kikaona hata chafya ni kuanguka. Akampigia simu yule mwenzake.

"Ni mimi. Una nakala ya lile faili la mtikisiko?"

"Si limo kwenye folda yangu?"

"Nilikuwa nafanya usafi."

"Mh! Usafi gani huo, umefagia na kuta?"

Wakacheka kidogo.

"Shangazi hajambo?"

"Hajambo."

Wakaagana. Faili likaja, na safari hii kompyuta ikakubali bila kosa hata moja.

Sasa akatakiwa mtu wa kuanguka. Mjusi alikataa. Fundi akakivaa mwenyewe kile kidude cha shangazi, akainama: kimya. Akachuchumaa: kimya. Akajibwaga kwenye godoro, simu ikalia, jina la Shangazi likawaka. Akalala palepale akiisikiliza. Hakuwa na haraka ya kuizima. Kutwa nzima hakuna mwingine aliyepiga.

Akampelekea shangazi kidude chake, akamvisha, akarudi mbio kwenye kazi. Kesho yake jioni, shangazi akapiga mwenyewe.

"Baba, kidude chako kimekufa."

"Kimefanyaje?"

"Nimeinama tangu asubuhi. Nimeokota kijiko kilekile mpaka chenyewe kimechoka. Hukuja."

"Shangazi, sasa kinaita ukianguka tu."

Sauti ya shangazi ikaja, ndogo.

"Kwa hiyo wataka nianguke?"

Fundi akakitazama kile kiti cha nyaya. Kisha akainama uvunguni kutafuta kandambili, zote mbili.

"Bandika chai," akasema. "Leo nakaa."