Pindo la Kanga ya Mama Mkwe

Heri mlisikie kwangu, maana akina mama wa Kigombe wamekwisha kulifikisha mpaka Horohoro, na kila likivuka kijiji linaongezwa chumvi. Ni kweli: mimi, mtu mzima mwenye diploma ya mitambo ya baridi kutoka Bulgaria, niliwahi kusimama baharini na chupi ya kuogelea mbele ya mama mkwe wangu.

Mwaka ule ndiyo kwanza nimerudi. Madukani vitu vilikuwa vimeanza kuonekana tena, sabuni unachagua, hupangi foleni, na mimi (niliyeanza maisha kwa kuuza machungwa Muheza, bila mjomba wa kunishika mkono) nilikuwa na nyumba mjini, mtaa wa Mabawa, mke mwenye mimba ya miezi sita, miwani ya jua na stirio ya kaseti mbili ambayo mtaa mzima ulikuja kuitazama. Nikaona ukweni nao wajue wamepata mkwe wa namna gani. Nikamwambia mke wangu Zainabu twende kwao Kigombe, tukapumzike baharini kama watu wanavyopumzika Ulaya.

"Kupumzika baharini?" mama yake alishangaa. "Haya, baba. Sisi huko tunakwenda kazini."

Alikuwa mkulima wa mwani, kilimo kilichokuwa bado kigeni wakati huo, na siku ile yalikuwa maji ya bamvua, yale ya mwezi mpevu yanayotoka mbali sana na kurudi kwa nguvu. Tukaenda kwa miguu mpaka kwenye fungu la mchanga, yeye akafunga mwani wake, sisi tukatandika mkeka, nikafungulia taarabu kwenye ile stirio, niliyokuja nayo, kwa sauti ya kutosha wakulima wote.

Saa nne na nusu hivi mama akajitwisha gunia. "Maji yamegeuka. Twendeni."

Maji niliyoyaona mimi hayakufika kifundo cha mguu. "Tangulieni, mama," nikasema, "kaseti iishe upande huu, nakuja."

Zainabu akaninong'oneza, "Usibishane na mama kwa mambo ya maji." Nikacheka. Walipokuwa mbali nikavua suruali, nikabaki na chupi yangu ya kuogelea (nyekundu, Mungu anisamehe), nikalala kifudifudi kama nilivyowaona wenyewe kule Bahari Nyeusi, na usingizi, jamani, ukanipitia.

Niliamshwa na maji masikioni. Mkeka umekwenda, suruali imekwenda, na ule mkondo kati yangu na nchi kavu, niliouvuka asubuhi bila hata kukunja suruali, sasa ulikuwa mto unaokimbia, na kuogelea kwenyewe nilijifunzia kwenye bwawa, upande wa watoto. Nikaiweka stirio kichwani nikapiga mayowe, na niwaambie, mayowe ya mwenye diploma ni kama ya mtu mwingine yeyote.

Aliyekuja ni mama mkwe. Alikuja kinyumenyume, maji kifuani, uso ameuelekeza pwani asinione, akarusha kanga nyuma. "Jifunge hiyo!" Kisha akatupa pindo la kanga ya pili. "Shika! Na hicho kisanduku kitupe, kinakuelemea."

"Mama, ni stirio ya kaseti mbili!"

"Basi zama nayo, mwanangu akae eda na mimba tumboni."

Nikaiachia. Ikaelea kidogo, kama inayosubiri nibadili mawazo, ikazama. Nikashika pindo kwa mikono miwili, nikakokotwa huku nikimeza maji, na mama hakugeuka hata mara moja.

Pwani wanawake wa mwani walikuwa wamejipanga. "Mama Zainabu, pweza gani huyo anayevaa kanga?"

"Wangu," akajibu, bado anahema. "Mwenye ulimi auweke."

Nilijifungia chumbani mchana kutwa. Alasiri Zainabu akaniletea sahani ya wali na changu wa kukaanga. "Mama anasema ule. Redio zinauzwa, baba wa mtoto hauzwi." Nikala, nikaramba vidole, na nakiri sijawahi kula chakula kitamu kama kile, si Sofia wala wapi.

Nikala kiapo siku ileile, na mpaka leo nakitimiza. Nikifika Kigombe, kabla sijakanyaga mchanga namwuliza mama maji yanasemaje, na tukiwa huko funguni, akisema tu "twendeni," mimi huwa nimeshamtangulia hatua ishirini.