Jumanne ya Wangare

Kwa miaka kumi na tisa, Jumanne ilikuwa siku ya ngwatio kwa wanawake watano wa Subukia: leo wanalima kwako, wiki ijayo kwa jirani, na mwenye shamba anapika. Halafu hoteli ikajengwa kilimani, wageni wakataka kuona maisha ya kijijini, na wenzake Wangare wakapewa leso za kufanana wakapalilie bustani ya hoteli huku wakiimba. Magugu ya bustani hiyo yaliisha mwezi wa kwanza. Siku hizi, nakuapia, wafanyakazi wa hoteli huyapandikiza mengine kila Jumatatu.

Wangare aliikataa leso. Zamu yake ilipofika hakuja mtu, na mahindi yake, yaliyomfika magotini, yalikuwa yanamezwa na magugu. Alipalilia peke yake siku mbili, mgongo ukagoma. Ilimuuma sana, na si mgongo tu. Mwaka aliofiwa na mumewe, ni hao hao waliompandia shamba lote.

Jumanne iliyofuata akaweka jembe begani, akasimama kando ya njia ya hotelini. Basi dogo la wageni kutoka Milimani, mjini Nakuru, likasimama.

"Mathe, ngwatio ni hapa?" akauliza mama mmoja aitwaye Sue.

"Kule juu ni mazoezi," Wangare akasema, uso mkavu. "Yenyewe ni hapa kwangu. Lakini hatuangaliangi. Ukikuja unashika jembe, unakula, na siku yako nakuja kwako."

Wakashuka wote tisa. Waling'oa magugu, na maharagwe kiasi, lakini kufikia saa sita, nusu ya shamba ilikuwa safi. Kilimani, Wangechi na wenzake waliimbia viti vitupu mpaka wakateremka kuona kulikoni.

"Wangare, umetuibia wageni!"

"Na nyinyi mliniibia Jumanne."

Wangechi akaivua leso ya hoteli, akaitundika kwenye ua, akampokea jembe mgeni mmoja aliyekuwa akihema, akaingia mstarini. Wengine wakamfuata. Shamba likaisha, mukimo ukaliwa.

Sue akapangusa mikono. "Sasa kwangu Milimani mtakuja lini?"

Wanawake wakacheka. Sue hakucheka.

"Hii utaitoka aje?" Wangechi akanong'ona.

"Siitoki. Jumanne tunaenda, sisi wote watano."

"Na hoteli?"

"Wageni wakitaka kutuona tukilima," Wangare akasema akisugua sufuria, "si watufuate Milimani."