Maji Kwenye Silinda ya Tatu

Mama mdogo hakumsalimia mwenye gari kabla ya kuligusa gari lenyewe. Aliweka mgongo wa kiganja juu ya boneti, akatulia kidogo, ndipo akauliza habari. Kama boneti ilikuwa ya moto na shida iliyoletwa ni ya asubuhi, alimwambia mtu aliache gari lilale, arudi kesho. Injini iliyokwisha kupata moto, alisema, ni kama mgonjwa aliyevaa suti kwenda kwa daktari. Mafundi wenzake katika uwanja wa mafundi walimpachika jina la Mama Baridi. Hata siku alipokuja kunichukua chuoni kwa gari la kuazima, alipapasa boneti kwanza, kisha akanikumbatia.

Alikuwa mdogo wake mama yangu, na mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea. Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi katika karakana ya kampuni moja ya mabasi, mwanamke peke yake kati ya wanaume arobaini. Msimamizi wao kila mtu alimwita Meneja, kwa kuwa alipenda kuitwa hivyo.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, basi moja lilichemka njiani na kichwa cha injini kikafunguliwa. Utaratibu wa pale ulikuwa kwamba kichwa hakirudishwi kabla ya kuzamishwa kwenye tangi la maji ya moto na kupigwa hewa, ili kama kina ufa mapovu yaonekane. Kazi hiyo ilikuwa ya Meneja mwenyewe. Siku ile aliondoka mapema, akaacha ameandika kwamba amekipima. Mama mdogo akakifunga, akakaza bolti zote kwa mpangilio wake. Siku ya tatu basi likafia mlimani.

Meneja alimwita ofisini, akafunga mlango. Alimwambia akikubali kwamba alisahau kukaza bolti atapewa barua ya onyo na mambo yataishia hapo. Akibisha, aondoke leo leo. Mama mdogo alinifikiria mimi na ada ya ule mwaka wa mwisho. Kesho yake asubuhi, watu wakiwa wamejipanga, alisimama mbele yao akasema, "Nilisahau kukaza bolti." Ijumaa akapewa barua ya kufukuzwa. Sahihi ilikuwa ya Meneja.

Kufukuzwa alikumeza. Sentensi ile haikumezeka. Ilimfuata mitaani, maana makondakta wa kampuni ile waliigeuza utani. Anapita sokoni na kikapu chake, mtu ananing'inia mlangoni mwa basi na kumpigia kelele: "Mama, umekaza?" Miaka mingi baadaye, akiwa na sehemu yake mwenyewe katika uwanja wa mafundi, alikuwa bado hakazi bolti ya kichwa bila kumwita mtu asimame aone. Aliniambia hataki Meneja afe, hataki afilisike wala augue. Alitaka tu asimame mbele ya watu aseme, "Kichwa sikukipima mimi." Aliwahi kunionyesha hata sauti ambayo angependa isemwe nayo.

Alisubiri miaka kumi na tisa. Halafu Meneja akajileta.

Nilikuwa likizo, nimekwenda kukaa naye, na mchana ule nilikuwa nimeketi kwenye tairi nikimshikia taa. Gari dogo la dizeli, la kizamani, likaingia uwanjani. Akashuka mzee mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa ameambiwa tu aende kwa Mama Baridi. Hakujua Mama Baridi ni nani. Alipomwona alishika mlango wa gari kama mtu anayetaka kurudi ndani. Mama mdogo alipita mbele yake, akagusa boneti.

"La moto," alisema. "Habari za miaka, Meneja."

Meneja alieleza shida yake akitazama chini. Kila asubuhi gari linawaka likitetemeka kama mwenye homa, linatoa moshi mweupe, baada ya dakika mbili linatulia. Na kila wiki linakunywa lita mbili za maji ya rejeta, wala chini hakuna tone. Mafundi wanne walikwisha kumla pesa. Mmoja alibadilisha zile plagi za kupasha moto, mwingine alisafisha nozeli za mafuta. Wa tatu akaweka rejeta mpya, na wa nne akamwaga unga wa kuziba matundu. Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia aliache gari, aje kesho saa tatu.

Jioni injini ilipopoa alitoa plagi zote nne. Tatu zilikuwa nyeusi kwa masizi. Ya silinda ya tatu ilikuwa safi, kana kwamba imesuuzwa. Akazirudisha, akajaza rejeta mpaka shingoni, akafunga pampu ya mkono mahali pa kifuniko na kupampu mpaka mshale wa presha ukasimama. Tukatandika boksi kavu chini ya gari, tukaenda nyumbani. Usiku ule alikula vizuri.

Asubuhi mshale ulikuwa umelala. Boksi lilikuwa kavu vilevile. Akachomoa kijiti cha oili, ikawa nyeusi, haina uji wa maziwa.

"Hayakumwagika chini na hayakuingia kwenye oili," alisema. "Yamekwenda wapi?"

"Silinda ya tatu."

Akatikisa kichwa kukubali. Akanionya nisije nikagusa ufunguo. Maji hayabanwi, alisema. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Plagi lazima zitolewe kwanza, injini izungushwe iteme, la sivyo atakayeliwasha atavunja mbavu za injini. Alitoa pampu, akarudisha kifuniko, akaenda kuchukua spana. Aliporudi nayo mkononi, Meneja alikuwa ameingia uwanjani. Ilikuwa saa moja tu.

Mama mdogo alimwambia ukweli wote wa ugonjwa, sikuona akificha kitu hapo. Kichwa kina ufa. Gari likipoa ufa unapitisha maji, ndiyo maana asubuhi linawaka kwa miguu mitatu. Likipata moto, ufa unajibana. Wale mafundi wanne walitibu magonjwa mawili, mtetemo na maji, na ugonjwa ulikuwa mmoja. Meneja alicheka kwa nafuu, akamsifu, akauliza litakuwa tayari lini.

"Nitalitengeneza mwenyewe," alisema mama mdogo. "Lakini saa nne mafundi wanakunywa chai pale. Utasimama, utawaambia kile kichwa cha basi hukukipima."

Mzee alinitazama mimi, kama vile mimi niliyesoma ningemsaidia.

"Mama, hayo ni mambo ya miaka kumi na tisa."

"Kwako."

"Na mimi sikukutia maneno mdomoni. Ulisema mwenyewe, watu arobaini wakisikia." Akafungua mlango, akaketi, akatoa ufunguo wa akiba mfukoni. Alisema anashukuru, sasa amejua ugonjwa ulipo, atampelekea fundi asiye na maneno. Kisha akatoa kichwa dirishani, akitabasamu. "Boneti umeikaza lakini?"

Mama mdogo aliishusha boneti taratibu, akaibana kwa viganja viwili.

"Nimeikaza, Meneja. Washa."

Nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la upande wa pili, hatua moja kutoka kwake. Dizeli za zamani haziwaki papo hapo. Unazungusha ufunguo nusu, taa ya plagi inawaka, unangoja izimike. Niliitazama taa ile. Iliwaka, ikakaa, ikakaa. Ulikuwa muda wa kutosha kusema neno moja, hata sentensi tatu. Nilimfikiria kondakta aliyening'inia mlangoni mwa basi, na kikapu cha mama mdogo. Taa ikazimika.

Injini ilikohoa, ikashika, kisha ikagonga pigo moja kama nyundo iliyotupwa ndani ya pipa. Kimya. Oili ikaanza kutoka chini, nyeusi, ikilowesha boksi letu.

Mafundi walikuja kutoka kila pembe. Meneja alishuka, akawaambia waone, mwanamke yule amemuulia gari. Fundi rangi, aliyekuwa na barakoa yake juu ya paji la uso, aliinama akatazama tundu kwenye injini, akauliza kwa upole ufunguo ulikuwa kwa nani. Meneja akazidi kumnyoshea mama mdogo kidole. Fundi rangi akarudia.

"Kwangu," alisema Meneja. "Nimewasha mimi."

Hayo ndiyo maneno pekee ambayo mama mdogo aliwahi kuyapata kwake. Gari lilivutwa kwa kamba kabla ya chai. Fundi bodi akatania kwamba Mama Baridi leo amechemka, watu wakacheka, naye akacheka nao, amesimama na kikombe chake.

Wiki nzima niliyobaki nilingoja nione dalili ya majuto kwa mama mdogo, sikuiona. Alilala usingizi mzito. Mimi ndiye niliyekuwa naamka alfajiri nikiiona ile taa. Sikumhurumia mzee, na wala sasa simhurumii. Ningetaka tu kujua kama ukimya wangu ulikuwa wa mtoto kwa mlezi wake au wa mtu aliyekuwa akingoja siku ile kwa hesabu zake mwenyewe. Nadhani najua.

Mwaka jana figo za mama mdogo zilichoka. Alilazwa kitanda cha karibu na dirisha, na kila Jumapili nilimpelekea uji na magazeti. Jumapili ya mwisho nilimsugua miguu kwa mafuta, nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza: kama asubuhi ile, taa ilipokuwa inawaka, alitamani mimi nimwambie yule mzee asiwashe.

Alifumbua macho akanitazama bila hasira.

"Ungemwambia," alisema, "nisingekusamehe."