Filamu Nilizozieleza Bila Kuzielewa

Filamu za vita sizipendi, nasema wazi tangu mwanzo. Mtu mmoja anaingia porini na bunduki moja, anaua watu mia, na nywele zake hazichafuki. Hana njaa. Hatafuti chumvi. Mimi nimeishi na askari wa kweli pale Kisangani, komine ya Tshopo, yaani mtaa wa Tshopo, wakati majeshi mawili ya wageni yalipokaa mjini kwetu, kila moja na upande wake na Wakongomani wake wa kulitumikia. Sikuona hata siku moja askari anayefanana na yule wa filamu. Wale wa kwetu walibeba magodoro ya watu. Walibeba mbuzi, redio, hata milango. Filamu gani iliwahi kuonyesha askari anavuka barabara na mlango wa mtu kichwani?

Na bado filamu hizo ndizo zilinilisha. Nilikuwa mwelezaji katika sine. Kwa asiyejua: sine yetu ilikuwa nyumba ya mbao, mabenchi, televisheni moja na mashine ya kaseti. Kaseti nyingi zilikuwa za Kiingereza, na kwetu Kiingereza hakuna aliyekijua. Basi mtu anasimama karibu na televisheni, na kijiti mkononi, anawaambia watu yule anasema nini na huyu anajibu nini, kwa Kiswahili na Lingala. Watu hawakufuata filamu tu, walimfuata mwelezaji. Sine ya ng'ambo ya pili ilikuwa na televisheni kubwa kuliko yetu, lakini mwelezaji wao alikuwa na sauti ya mgonjwa, na mabenchi yao yalikaa matupu.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Kiingereza sikukijua hata neno la kuomba maji. Nilitazama nyuso, nikatunga. Mwenye sine alijua hilo vizuri, na bado alisimama mlangoni kila alasiri akipiga kelele: "Ingieni! Mwelezaji wangu alisomea Kampala!" Majina ya watu wa habari hii ninayo yote, sitayaandika kwa sababu watoto wao tunasali nao misa moja. Lakini makosa yao nitayataja, na huyu ndiye wa kwanza. Kelele yake ya mlangoni ndiyo karibu iniue.

Bon. Filamu za karate nilizipenda, kwa kuwa pale hata mwelezaji mjinga hawezi kukosea. Ubaya wake ni wafu. Wafu wa karate wanaanguka polepole kama mtu anayetafuta mahali pasipo na tope. Za Wahindi zilikuwa ndefu mno, na mama anayempoteza mtoto lazima ampate tena baada ya miaka ishirini, kwa kovu la mkono. Kinamama wa Tshopo walilia mpaka mabenchi yakatetemeka. Mimi nilichukia uongo ule. Kwetu watu walipotea mchana, na hakuna kovu lililowarudisha. Na ile michezo mirefu ya televisheni, ya wasichana matajiri wanaopofuka kisha wanaona tena siku ya harusi, niliitazama kwa jirani yangu, nikajiuliza jambo moja tu: mfanyakazi wa ndani ataketi lini? Sehemu sitini, na mwanamke yule bado yuko wima na sinia.

Askari walipoanza kuja sine, woga uliingia nao. Walikaa benchi la mbele, bunduki kati ya magoti, hawakulipa, na hakuna aliyewauliza. Ikawa natazama nyuso zao kuliko televisheni. Askari wa filamu akishindwa, wao wananuna. Donc niligeuza. Aliyekimbia nilisema ametumwa kuita wenzake. Aliyepiga magoti kuomba uhai nilisema anafunga kamba ya kiatu. Kijiti changu kilikuwa kinaloa jasho mpaka kinateleza.

Na nyuma kabisa, karibu na mlango, kulikuwa na mtu anayecheka mahali ambapo hakuna kicheko. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, muuzaji wa vitambaa na vyombo, Mkatoliki mkubwa, mwenye rozari mfukoni. Alikuja na karanga zake, akatafuna, na mimi nikisema uongo wangu mkubwa anaanguka kicheko: "He! He! He!" Nilielewa mapema. Huyu alifuata mali Kampala, anasikia Kiingereza, anajua kwamba mimi sijui. Mwaka mzima nilimwogopa kuliko askari. Hakuniumbua. Alicheka tu.

Alicheka kuliko siku zote kwa ile filamu ya paa. Ulikuwa mchezo wa sehemu sehemu, kaseti nne, na ndicho kitu kibaya kuliko vyote nilivyopata kueleza. Wazungu wamekaa jikoni. Wanaongea. Mmoja anaonyesha dari. Wanatoka nje, wanatazama paa, wanarudi jikoni. Chai. Kaseti nzima! Siku ya kwanza nilisema ninachoona: paa linavuja, wanatafuta mabati. Watu walinirushia maganda ya karanga. "Papa, tulikuja kuona mafundi?" Kaseti ya pili nikatia sumu kwenye chai, bibi kizee nikamfanya mchawi, mume nikampa mwanamke mwingine. Sine ilijaa. Mfanyabiashara alicheka mpaka akatoka nje kukohoa.

Kisha siku moja, mchana, kabla sine haijafunguliwa, kijana mmoja wa usalama alinifuata nyumbani na baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria. "Panda. Chef anakuita." Mke wangu alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo. Mchi ulibaki juu, haukushuka.

Walinipeleka nyumba moja ya komine hiyohiyo, iliyokuwa ya fundi wa bwawa la umeme kabla hajafukuzwa. Wote tuliijua. Ukutani, upande wa nje, kulikuwa na viatu vimepangwa jozi jozi. Watu waliingia kwa miguu mitupu kwenye ua wa nyuma. Viatu vilibaki.

Ndani, chef wa usalama alikaa mezani. Alikuwa mwenzetu, mtoto wa Kisangani, si mgeni, na kwa hiyo kosa lake nalihesabu mara mbili. Chini sakafuni, bila mshipi, bila viatu, alikaa yule mfanyabiashara.

"Weye ndiye ule wa sine?"

"Ndiyo, chef."

"Unajua Anglais." Hakuuliza, alisema. Akanyanyua karatasi moja iliyokunjwa mara nyingi. "Tulipata hii katikati ya vitambaa vyake. Yeye anasema walimupatia tu, hajui iko nini ndani. Anasema: mwiteni mwelezaji wa sine, ule atawasomea."

Nilimtazama yule mtu. Yeye alitazama vidole vya miguu yake. Ni yeye aliyeniita. Katika mji mzima alinichagua mimi, mtu ambaye yeye alijua kwa hakika hawezi kuisoma karatasi ile.

Chef aliendelea: "Commandant ya wageni anajua Anglais, lakini iko Bangboka, kwenye kiwanja, anangoja ndege. Kama karatasi iko na maneno, nitamupelekea. Kama iko bure na nimusumbue, atanitukana mbele ya watu. Alors, soma."

Nikisema sijui, ataniuliza sine ninaelezaje, na atasema nimekula njama. Nikisema jambo lenye moto, mfanyabiashara atapelekwa ua wa nyuma, na shahidi naye humfuata hukohuko. Nilishika karatasi. Ilitikisika, nikaiweka juu ya meza ili meza iishike.

"Soma kwanza kwa Anglais, nisikie."

Nikafungua kinywa. Nilitoa ile sauti ya puani niliyoisikia miaka mitatu, ulimi umekunjwa, maneno yameloweshwa mate. Sijui nilisema nini. Mungu pekee anajua. Chef alitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza Kilatini cha padri. Mabega ya mfanyabiashara yalitetemeka, na mpaka leo sijui kama ulikuwa woga au kicheko.

"Sasa eleza."

Hapa wenye shule wanielewe. Kazi yangu ilikuwa kutia chumvi. Ulimi wangu wenyewe ulitaka kusema mpelelezi, mwanamke, bunduki zilizofichwa, kwa sababu hayo ndiyo watu wanataka kusikia. Nilihisi yanakuja. Niliyameza. Nikatafuta kichwani kitu kisichoweza kumwamsha mtu yeyote, nikakiona: wale Wazungu, jikoni, chai.

"Mtu anaandika habari ya nyumba, chef. Paa inavuja. Anasema mabati ya zamani yameoza."

"Na hapa? Hapa iko Bangboka. Hii najua kusoma, usinidanganye."

Kweli ilikuwepo. B kubwa, na mstari chini yake. Jasho lilinishuka mpaka kwenye mshipi.

"Mabati yatafika na ndege, chef. Bangboka."

"Na hii arobaini?"

"Mabati arobaini. Anasema ikipungua, upande wa jikoni utabaki wazi. Mama mkwe wake analala upande ule. Iko na kikohozi."

"Kikohozi?"

"Anaandika juu ya kikohozi mpaka chini, chef. Kinaanza saa ya mvua."

Chef alijinyoosha, akapiga mwayo. Ule mwayo! Hakuna mwanamke wa filamu yoyote aliyepata kunipendeza kama ule mwayo. Na hapo mfanyabiashara, kutoka sakafuni, akasema kwa sauti ya heshima: "Na misumari, papa? Hawakuandika misumari ya namna gani?"

"Nyamaza na misumari yako!" Chef alimpiga teke la paja. "Watu wako na vita, ninyi munaandikiana kikohozi! Vitambaa vinabaki hapa. Tokeni."

Lakini karatasi hakuirudisha. Aliikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Nje, mfanyabiashara alivaa viatu vyake kutoka kwenye ule mstari, akiinama kwa uangalifu asiguse vya wengine. Tulitembea bila kukimbia mpaka kona. Pale nikamshika kola.

"Tonton, ni weye uliniita."

"Ni miye."

"Mule ndani waliandika nini?"

"Si ulisoma? Mabati." Akacheka kidogo, kile kicheko cha nyuma ya sine, kisha uso wake ukafa. "Uko hai juu ya kutojua, papa. Kaa vile. Ule commandant atatoka Bangboka kabla jua halijashuka, na yeye atasoma kweli. Mimi sirudi dukani. Weye usirudi kwako."

Akapanda toleka, akaenda. Sikumwona tena.

Sikurudi kwangu. Nilishuka mtoni, nikaingia pirogi, mtumbwi wa watu wa Isangi waliokuja kuuza samaki, nikalala chini ya nyavu kwa kuogopa macho. Mke wangu alinifuata baada ya majuma mawili. Alisema watu wa usalama walifika sine jioni ileile, wakavunja televisheni, wakampiga mwenye sine mpaka sikio moja likazibika. Baadaye mwenye sine alinitumia ujumbe kwamba ananisamehe. Ananisamehe mimi! Mimi sijamsamehe. Wala yule chef, ambaye leo anazeeka salama na kusoma masomo kanisani. Wala yule mfanyabiashara. Watu wanasema aliniachia uhai. Hapana. Aliweka uhai wangu juu ya meza bila kuniuliza, kwa sababu sikusoma. Mtu mwenye shule asingemfaa.

Sasa binti yangu anajua Kiingereza. Tunakaa tunatazama, yeye ananieleza, na nimegundua kwamba zile za karate nilizieleza vizuri kuliko walivyoziandika. Majuzi alinikuta nikimsimulia mumewe ile ya paa. Akasema anaweza kuitafuta kwenye simu yake, tuione pamoja, aniambie kwa kweli wale watu jikoni walikuwa wanasema nini.

Nilimkatalia. Niliambiwa nikae vile, bila kujua, na ndiyo maana niko hai. Alidhani natania, akaendelea kutafuta. Nikamnyang'anya simu, nikaiweka juu ya meza ili meza iishike.