Bwana Harusi Amekataa

Niliishia darasa la saba, kwa hivyo huenda sikumwelewa daktari vizuri. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mimi na mume wangu tulikuwa tumetoka kijijini Tulia hadi Nairobi kutafuta sababu ya kukosa mtoto. Nilitolewa damu siku ya tatu ya hedhi. Tulipoenda kuchukua majibu, daktari akasema homoni yangu imepanda, maana yake akiba ya mayai imebaki kidogo. Dawa angetupa, ila tusitegemee sana. Hakusema kwa ubaya. Nikamwuliza kama kidogo ni sawa na hakuna. Akafikiri, akasema si sawa.

Hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani.

Kosa langu lilikuwa kumwambia mama mkwe kwamba nimepungukiwa na mayai. Kuanzia kesho yake akawa ananichemshia mayai ya kuku wake, mawili kila asubuhi, na kusimama mlangoni mpaka nimeze. Nilicheka moyoni, lakini lazima niseme kweli: mayai hayo ndiyo aliyokuwa akiuza sokoni.

Misimu miwili ikapita, vidonge na mayai, bila kitu. Ndipo mama mkwe akaenda Tawa, akarudi akisema amepata msichana wa kuwa iweto. Kwetu mke asiyezaa anaweza kuoa msichana, amzalie watoto wa nyumba yake. Siidharau desturi hiyo; nyanya yangu alimpata baba hivyo, na alimpenda. Lakini shemeji zangu walikuwa wameshachagua mbuzi wa kupeleka mahari, na mume wangu akaangalia chini.

Mama mkwe akasema, "Mwanangu, daktari amekwisha kusema. Ghala lako ni tupu."

"Hakusema tupu, mwaitu, mama yangu. Alisema kidogo. Na wewe hupanda kabla ya mvua, mbegu kidogo, kwenye vumbi."

"Na isiponyesha?"

"Nitajua nilipanda. Lakini hebu niambie, anayeoa iweto ni nani?"

Alijua kuliko mimi kwamba anayeoa ni mke mwenyewe, si mama mkwe.

"Basi bwana harusi ni mimi," nikasema, "na bwana harusi amekataa."

Shemeji mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Sikuzaa. Daktari hakukosea, na pengine kile nilichokiita imani kilikuwa kiburi tu. Lakini yule msichana wa Tawa, ambaye sidhani hata aliulizwa, hakuletwa.

Asubuhi baada ya mabishano yale nilikuta mayai mawili mlangoni. Mama mkwe hakungoja nimeze. Alikuwa ameshatangulia shambani. Nikayala yote mawili, nikameza na kidonge, nikachukua jembe.