Mawe Kumi na Moja ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, siku hiyo alikuwa hakaliki. Tangu asubuhi alikwenda mlangoni mara nne, akafuta miwani isiyo na vumbi, akahangaika kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mimi nashona ala za visu vyake mezani dirishani, na kila akipita ananiangushia uzi.

"Shem, utatoboa sakafu," nikamwambia.

Hakujibu. Ndiyo tabia aliyoianza, kujifanya bwana mkubwa. Nami sipendi dharau, basi nikanuna.

Yeye hafui visu. Huletewa vikiwa tayari, akachimba vitundu kwenye mpini, akatia kikombe cha fedha kisichozidi punje ya mtama, akaketisha jiwe ndani, kisha akakunja ukingo wa fedha mpaka ulibane. Mwisho hukitikisa kisu karibu na sikio. Jiwe lililobanwa vizuri halitoi sauti. Linalocheza hulia tik, kidogo mno, naye hulifungua upya. Miaka ishirini na mbili halikudondoka hata moja.

Mwezi uliopita yakadondoka matatu. Mteja alikirudisha kisu kina mapengo kama kibogoyo, akasema kingine atakifuata leo saa kumi, na kikiwa na kasoro kazi zake zote atampelekea fundi mwingine. Nyumba nzima tunakula kwa kazi za mteja huyo.

Saa tisa Shemeji alikaa. Akakitikisa kisu cha mteja sikio la kulia, la kushoto, la kulia tena. Akainuka. Akakaa. Ghafla akaja kwenye meza yangu, akakileta kisu sikioni kwangu, akakitikisa.

Tik.

"Linacheza," nikasema.

"Eh?"

"Mojawapo linacheza, Shem!"

Alikuwa ananitazama mdomo. Kinyongo chote nilichomwekea kikanigeukia, nikaona haya.

"Tangu lini husikii?" nikauliza, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara.

"Mwaka jana. Usimwambie dada yako." Akakaa juu ya ndoo. "Lipi?"

Mawe yalikuwa kumi na moja. Nikabana la kwanza kwa ukucha, nikatikisa. Tik. La pili, tik. Nilipolibana la saba, kisu kikanyamaza. Nikamwonyesha. Akalifungua, akaliketisha upya, akakunja ukingo, jasho likimdondoka puani. Akanirudishia kisu kabla hata hajapumua.

Nikatikisa mara tatu.

"Kimya," nikasema, na kumwonyesha kwa kidole mdomoni.

Hakufurahi. Alikuwa anaangalia rafu, visu vinane alivyomaliza wiki hiyo.

"Kwangu vyote viko kimya, Shem," akasema. "Hata kile kilichorudishwa kilikuwa kimya."

Nikainuka, nikaviteremsha vyote vinane.